Tangi la juu

Lamu, Jumapili usiku

Wanafunzi ninaowafundisha uhandisi ni wepesi wa hesabu. Wape boriti, watakwambia itapinda kiasi gani kabla hujamaliza chai yako. Waulize nani analala chini ya boriti hiyo, wanaanza kutazamana. Ndiyo maana muhula huu nimewaleta Mkomani, mtaa wa mji mkongwe wa Lamu, katika nyumba kongwe ya mawe, wafikirie namna bora ya kuhifadhi maji. Maji ya mji huu hutoka chini ya mafungu ya mchanga ya Shela, na kwa mwenyeji wetu bomba lina siku zake.

Wakachora tangi la lita 1,000 juu ya paa, maji yashuke yenyewe. Hiyo ni tani nzima juu ya boriti za mikoko, na hesabu yake waliifanya vizuri. Wakagundua hata kwa nini vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba: upana hufuata urefu wa boriti, haufiki mita 3. Niliwasifu, tukampelekea mwenye nyumba mchoro.

Bi mkubwa aliugeuza upande huu na huu, akauliza, "Wanangu, fundi akipanda kuliosha, ataona ua wa nani?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Nyumba hizi zimeupa mtaa mgongo. Mgeni huishia dakani, kibarazani pa mlango wa mbele, na mambo ya nyumbani hubaki ndani. Hata wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro, kiliwawezesha wanawake kwenda nyumba ya pili bila kushuka njiani. Mafundi wa zamani waliihesabu faragha kama walivyouhesabu uzito wa jiwe. Sisi tulikuwa na safu ya uzito tu.

Kisha akauliza samaki wake wataishi wapi. Katika birika la kuogea mna visamaki wanaokula viluwiluwi vya mbu, na mchoro wetu ulikuwa umeling'oa birika lote, pamoja na dawa yake ya mbu isiyouzwa dukani.

Lililonifurahisha zaidi sikulipanga. Wavulana hawakuruhusiwa kupita ndani, kwa hiyo walikaa dakani, wakanywa kahawa chungu na kuulizwa ukoo wao mpaka kwa babu. Wasichana ndio walioingia kupima. Darasani ni hao hao wanaoandika kumbukumbu huku kipanga mmoja, yule kijana hodari wa hesabu, akiishikilia kompyuta. Safari hii kipanga alilazimika kuuliza, kungoja na kuamini kipimo alichopewa na mwenzake. Mara ya kwanza alibisha. Msichana akamwambia, "Basi ingia ukapime mwenyewe." Tulicheka sana, na naye akacheka, ingawa kwa kuchelewa.

Usiku tulibishana kuhusu maana ya kushirikisha watu. Mmoja alisema wameshashirikisha: walimhoji Bi mkubwa, wakajaza fomu. Mimi nasema kama jibu lake haliwezi kuufuta mchoro wako, hukumshirikisha, ulimwarifu tu. Nikawakumbusha jambo la kaunti hii hii. Juni 2019 mahakama ya kitaifa ya masuala ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Lamu, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa wananchi kutoshirikishwa ipasavyo. Mradi wote huo ulikuwa na wahandisi wake, tena wenye hesabu safi kuliko zetu. Kwa hiyo sikubali mtu aniambie haya ni masomo ya pembeni, ya kujazia ratiba. Ila nakiri kuyapa alama ni kazi ngumu. Mtihani wa karatasi hauwezi kukuonyesha nani anajua kunyamaza mwenyeji anapozungumza.

Mchoro mpya umeshusha tangi uani, una pampu ya mkono, na birika limebaki na wakazi wake. Si mzuri kwa macho, na kipanga bado analililia tangi lake la juu. Bi mkubwa naye hajaridhika: pampu tumeiweka pale anapoanika nazi. Kesho tunarudi na chaki, achore yeye mwenyewe sakafuni mahali ikae, ndipo wasichana wapime upya.