Daudi Juu ya Dari

Ninaposoma 2 Samweli sura ya 11, kinachonishtua kuliko uzinzi wenyewe wa mfalme Daudi ni utulivu wa mwanzo wake: jemadari wake Yoabu na jeshi wameuzingira mji wa Raba, ilhali Daudi amebaki Yerusalemu, anaondoka kitandani jioni na kutembeatembea juu ya dari ya jumba lake. Kumwona mwanamke akioga hakukuwa dhambi bado, nadhani. Lakini alituma mtu kuuliza habari zake, akajibiwa waziwazi kwamba ni Bathsheba, mke wa Uria, na hapo bado angeweza kuacha. Kwangu mimi dari hiyo ni simu usiku wa manane, nyumba nzima ikiwa imelala. Kwa hiyo mimi huichaji simu yangu sebuleni, si chumbani.