Binche: ukishuka treni saa tano, umeshachelewa

Niseme mapema ili mwingine asitupe nauli yake: ukitoka Brussels na treni ya asubuhi ya kawaida, karnivali ya Binche utaikuta nusu. Mji wenyewe ni mdogo, kusini mwa Ubelgiji, mwendo wa saa moja na ushee, na bado una ukuta wake wa kale wa zaidi ya kilomita 2. Siku kubwa ni Jumanne, kesho yake ikiwa Jumatano ya Majivu. Wageni hushuka stesheni saa tano, kamera shingoni, wakiulizia zile barakoa za nta walizoziona kwenye picha. Barakoa hizo huvaliwa asubuhi, kwa ajili ya kwenda kupokewa kwenye ukumbi wa manispaa, basi. Zikishavuliwa, tuonane mwakani.

Kwa hiyo inabidi ulale karibu, na hapo ndipo wanapokukamua. Binche hapakuwa na kitanda. Mji wa jirani nililipa euro 130 kwa chumba ambacho dirisha lake halifungi, baridi ya mwezi wa pili inapiga, nikakilalia kwa muda wa saa tano tu. Teksi ya saa tisa usiku ikala nyingine 40. Chai ya rangi euro 3 na nusu. Choo nacho kina bei yake, na mwenye choo hataki kadi.

Kilichonifidia ni jiko la dada mmoja mzaliwa wa Bukavu, aliyeolewa pale na mume ambaye ni Gille, yaani mcheza karnivali wa Binche mwenye vazi rasmi. Tamka “zhili”. Hao ndio wenye Jumanne yao: kama 1,000 hivi, wanaume peke yao, kuanzia vitoto vya kubebwa begani hadi wazee, na sharti uwe mtu wa Binche. Gille hatoki nje ya mji akiwa na vazi lake, wala hatembei bila ngoma, hata akienda nyumba ya pili tu. Ukiona wenye vazi kama hilo wakicheza kwenye tamasha la mji mwingine, jua si wa Binche.

Haijafika saa kumi alfajiri, mzee mmoja mfupi akaingia jikoni akaning'iniza koti lake bila kusalimia sana. Kazi yake usiku huo ni moja: kushindilia. Mume wa dada alisimama katikati ya jiko, mikono ameitanua kama anayepimwa suti, tayari amevaa suruali na blauzi ya kitani iliyoshonewa simba na mataji ya rangi nyeusi, njano na nyekundu. Sakafuni palikuwa na mafungu ya mabua makavu. Mzee alichukua konzi, akalisokota, akalikunja mara mbili likawa kama kata ya kubebea ndoo, akalisukuma ndani kupitia shingoni. Jingine, na jingine. Kwanza kifua, halafu mgongo, halafu anarudi kifuani kujaza pembe. Kila baada ya machache alirudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja, akapiga kofi pale palipolegea.

Nikauliza kwa nini hasukumi tu mabua yakiwa wazi. Dada akatafsiri: yasiposokotwa huteremka. Gille hukanyaga chini siku nzima kwa viatu vya mbao, na kila anapokanyaga mabua yanashuka. Ikifika saa kumi jioni nundu ya kifuani imekuwa kitambi, na mtaa mzima unajua nani alimshindilia. Yakibana mno nayo ni balaa, maana mtu hawezi kuinama wala kuvuta pumzi ya kutosha kucheza. Nundu ya mbele na ya nyuma lazima zilingane. Nilikaa pale karibu nusu saa nikiwaza lumbesa. Hasa gunia la machungwa la kwetu Muheza, Tanzania, lile linaloongezwa kichwa cha nyavu juu ya mdomo na mnunuzi akadai bado ni gunia moja. Mtu yule akawa lumbesa lenye miguu.

Baada ya hapo ukaja mkanda wenye njuga, kisha kengele moja kifuani na kola pana ya mikunjo. Kofia nyeupe ya kitambaa na kitambaa cha kuifungia kichwani ni kazi ya mke. Mzee alisogea pembeni, hakugusa. Mwisho mitalawanda. Ngoma moja ikasikika barabarani, mlango ukafunguliwa, mpigaji akaanza, na Gille akatoka mkononi ameshika kifurushi cha vijiti wanachokiita ramon, neno la zamani la ufagio. Wakaenda kumchukua wa nyumba inayofuata, wakawa wawili, wakawa watano. Kila mlango kuna shampeni. Kuna nyumba zinazotoa chaza wabichi saa kumi na mbili asubuhi. Mimi nilishukuru tu.

Mtaani utasimuliwa na kila mtu kwamba Gille ni Mwinka, yaani mwenyeji wa Peru ya kale, kwamba mwaka 1549 Maria wa Hungaria alimwandalia kaka yake, Kaisari Karolo wa Tano, karamu kwenye kasri lake la Binche, na wacheza wakavaa manyoya kusifu ushindi wa Wahispania kule Amerika. Karamu ni ya kweli. Habari ya Wainka ilitungwa na mwandishi wa magazeti, Adolphe Delmée, mwaka 1872. Karnivali yenyewe inatajwa kwenye maandishi ya mji tangu 1394, na jina la Gille linaonekana mwaka 1795, enzi za utawala wa Wafaransa waliopiga marufuku barakoa. Lakini uongo ule una manyoya, na ukweli una karatasi tu, kwa hiyo uongo ndio unaosimuliwa.

Kwenye uwanja mkuu, barakoa zilipovaliwa, sikumtambua tena mwenyeji wangu. Zote ni sura moja: miwani ya kijani, masharubu, ndevu kidogo. Waliotimiza miaka mingi wakivaa wakapewa nishani. Habari za mchana kabla ya saa tisa sina. Nililala kwenye kochi la dada.

Alasiri ndiyo kofia za manyoya ya mbuni, meupe, karibu kilo 3 kichwani. Hazinunuliwi, zinakodishwa pamoja na vazi kutoka kwa familia za mafundi, na mvua ikinyesha hubaki ndani. Ukijumlisha kukodi, wapiga ngoma na machungwa, Gille mmoja anatumia fedha nyingi, ndiyo maana vikundi vyao huchanga kidogo kidogo mwaka mzima.

Machungwa sasa. Ufagio wa asubuhi umewekwa, mkononi kuna kikapu kilichojaa, na yanarushwa: kwa mabibi, kwa watoto, kwa yeyote. Madirisha yote ya njiani yamefungwa nyavu za waya, na mimi niliona nyavu hizo tangu asubuhi bila kujiuliza. La kwanza lilinipata kifuani nikiwa narekodi. Simu ikaanguka, kioo kikapasuka. Nikaliokota, na kwa hasira iliyochanganyika na ucheshi nikainua mkono nilirudishe lilikotoka.

“Kaka, usirudishe!” Dada alinishika mkono. “Ni zawadi ile. Ukimrudishia umemtukana.”

Wazee wawili wa kizungu walikuwa wananitazama kwa jicho baya. Nikatia chungwa mfukoni. Mtu wa Muheza ana shida na jambo hili: mimi nimeona machungwa yakioza chini ya mti msimu ukifurika, bei ya shambani ikashuka hadi mkulima anaona uvivu wa kuchuma, na hapa mtu anadunduliza senti zake mwaka mzima ili ayanunue akawape asiowajua. Niliokota manane. Mawili yalikuwa yamepasuka, moja nilimpa mtoto aliyekosa.

Usiku fataki ziliandika Plus Oultre, yaani “mbele zaidi”, hewani, ule usemi wa Karolo wa Tano, na ngoma hazikunyamaza hadi nilipoondoka.

La kwanza nililimenya kwenye treni ya Jumatano. Ganda la rangi ya machungwa hasa, si kijani kama letu, ndani jekundu kama damu, uchachu kidogo. Nilikuwa nimemwahidi mama mbegu. Nilikula yote matano yaliyobaki hadi Brussels, na sikupata hata mbegu moja.