Mama wa langoni na neno "despair"

Wiki iliyopita mhariri alinirudishia kurasa za hadithi ninayoitafsiri. Kwenye ukurasa wa 3 alikuwa ameizungushia wino mwekundu sentensi moja: "Mama, akiwa amekata tamaa ya kupata habari za mwanawe, alikaa langoni tangu alfajiri." Pembeni kaandika: "Ndugu mfasiri, kama kashakata tamaa, langoni anakaa kufanya nini?"

Nilicheka, kisha nikaona haya. Kiingereza kilisema "desperate for news". Mimi kuliona desperate tu, nikakumbuka despair, na mkono ukaandika "kukata tamaa" wenyewe, kichwa hakijaulizwa.

Ni kweli maneno hayo ni ndugu wa tumbo moja. Kilatini kina spes, yaani tumaini, na desperare, kuachana na tumaini. Despair likapitia Kifaransa mpaka Kiingereza, desperate likatoka Kilatini moja kwa moja. Lakini desperate halikutulia nyumbani. Mfa maji haachi kutapatapa, na Kiingereza kikaishia kuyasahau maji, kikabaki na kule kutapatapa. Leo mwenye kiu atasema yuko "desperate for water" na wala hajakata tamaa ya chochote. Anayataka maji, tena sasa hivi. Hata desperado, yule jambazi wa liwalo na liwe, katoka ukoo huohuo.

Despair lenyewe limebaki palepale. Likiwa nomino, mtu huwa "in despair", yumo ndani yake kama aliyetumbukia shimoni. Kiswahili hakina shimo hapa, kina kisu: mtu anakata. Na anachokikata ni tamaa, kitu ambacho siku nyingine zote tunakilaani, tamaa mbele mauti nyuma. Mwenye tamaa analaumiwa, aliyeikata naye anabembelezwa asiikate. Kipimo chake halali ni kiasi gani, sijaambiwa mpaka leo.

Kwenye kitenzi ndiko wengi wetu tunakojikwaa. Sisi tumezoea kunyumbua: kata, katisha, katishwa. Habari zilinikatisha tamaa, basi. Kwa mazoea hayo mtu huandika "the news despaired me", na Kiingereza hakikubali. Despair hulifanyi kwa mwingine. Itabidi useme habari zile "drove me to despair", zilikuswaga mpaka huko kama ng'ombe. Na ukitaka kutaja kile ulichokikatia tamaa, unaweka of: "she despaired of finding him", alikata tamaa ya kumpata. Huyu of ni mdogo lakini hana mbadala.

Kuna matumizi mengine yaliyonila siku nzima: "he was the despair of his teachers". Niliandika "alikuwa kukata tamaa kwa walimu wake", nikasoma kwa sauti, nikafuta haraka kabla mtu hajaona. Mwishowe nikaweka "aliwashinda walimu wake". Ni kijana tu asiyefundishika, na sentensi yenyewe ina utani kidogo ndani yake. Hopeless nalo hivyohivyo: anayesema "I'm hopeless at maths" hahitaji faraja, anakuambia tu hesabu hazimwingii. Ukimtafsiri kuwa ni mtu asiye na matumaini, umemzulia msiba.

Basi nikarudi langoni. Nilijaribu "akiwa na hamu kubwa ya habari", ikasomeka kama anasubiri matokeo ya mpira. "Akihangaikia habari" ilikaribia. Nilichopeleka ni hiki: "Mama alikaa langoni tangu alfajiri, roho juu, kila apitaye akimuuliza habari za mwanawe." Neno desperate silioni tena humo, na sina deni nalo.

Kurasa kumi mbele, lango limefungwa, na mwandishi anaweka sentensi ya maneno mawili peke yake: "She despaired." Nilifikiria "moyo ukamfa", nikafikiria kuongeza machozi. Nikaandika "Akakata tamaa." Mhariri alipita hapo bila kuweka alama.