Sefu la zamani au sefu jipya la bunduki, mi nilivyoamua

Mi naishi Dayton, Ohio, nina shotigani ya kuwindia kulungu msimu ukifika, na ndani kuna watoto, kwa hiyo habari ya kuweka bunduki juu ya kabati mama watoto hataki hata kuisikia. Halafu kuna mapasipoti na hati ya kiwanja cha Kigamboni, ikiungua hiyo kuipata nyingine ni shughuli.

Sasa kuna ofisi moja ilikuwa inafungwa, mzee mwenyewe anauza sefu la Mosler bei ya kutupa, sharti ulibebe mwenyewe. Mosler huku wanaiheshimu sana, kiwanda kilikuwa Hamilton hapo jirani mpaka walipofilisika 2001, na kila muuzaji lazima akupigie stori ya milango yao ya benki kule Hiroshima iliyohimili bomu la 1945. Ni kweli kabisa, ila ile ni milango ya chumba cha hazina cha benki, hili la mzee ni sefu la ofisi, la kukinga makaratasi na moto basi. Nilifungua nikasoma lebo ndani ya mlango, inataja moto tu, mwizi hajatajwa popote. Ukuta mnene unaogopesha lakini ni bati jembamba nje, bati ndani, katikati kitu kama simiti yenye unyevu, moto ukija ule unyevu unageuka mvuke ndo joto linachelewa kupita. Miaka inavyoenda unyevu unakauka, kinga nayo inapungua, na unaobaki ndo unaipa bunduki kutu.

Fundi wa makufuli alinionya nisitoboe chochote, maana baadhi ya hayo ya kale yana asbesto, na mengine yalifungwa vichupa vya gesi ya machozi nyuma ya kufuli kutegea majambazi, ukivipasua unakimbia nyumba yako mwenyewe asee. Hili halikuwa navyo. Ila shotigani haisimami ndani, na uzito ule sakafu yangu ya mbao hapana.

Dukani nako usidanganywe na mlango, wanakufungulia mlango unene kama tofali, we gusa ubavu. Mengi ubavu ni geji 14 au 12, yani milimita 1.9 au 2.7 hivi (namba ya geji ikishuka ndo chuma kinanenepa), na ile alama ya RSC, kipimo cha Marekani cha sefu la nyumbani kumhimili mwizi, ya kiwango cha kwanza maana yake limevumilia mtu mmoja mwenye vifaa vya mkono kwa dakika 5. Dakika tano! Mwenye grainda ya betri hata hatoki jasho. Na kinga ya moto mara nyingi ni jipsam bodi hizi hizi za ukutani, dakika wanazoandika kampuni nyingi zinajipimia kivyao so kulinganisha ni kazi bure.

Pamoja na hayo nilichukua jipya, geji 10, kwa sababu mi nawaza mtoto na kibaka, sio genge la majambazi. Kwenye hela afadhali ukate mapambo ya ndani uongeze chuma. Nikalifunga bolti nne kwenye zege la gereji, kwenye kona, kuta zikabane pande mbili ili mtaimbo usipate pa kuingia, maana lisipofungwa watu wawili na toroli wanaondoka nalo likiwa limefungwa vile vile. Ndani kuna fimbo ya umeme ya kukausha hewa. Makaratasi yapo kwenye kisanduku kidogo cha moto, kile kilichopimwa joto la ndani lisizidi nyuzi 177 za Selsiasi, ila yafunge kwenye plastiki kwanza, visanduku hivyo navyo vina unyevu.

Kufuli ni la vitufe, linatumia betri ya volti 9, mama watoto ya kuzungusha hayataki. Namba za kiwandani nilibadilisha siku ile ile, na mwaka aliozaliwa mtoto usiuweke, ndo wa kwanza atakaoujaribu.