Wa Mbio Si Wako

Sumu ndiyo iliyotuingiza kwenye mambo ya bunduki. Mjomba alikuwa ametega ghalani ile inayozuia damu isigande, ambayo huchukua siku kadhaa mpaka imuue panya. Wakawa wanatoka mchana kweupe, wanapepesuka, hawakimbii hata ukiwakaribia. Paka akawafaidi. Paka alipokufa, Mjomba alizoa chambo zote, akasema hataki tena kuua kitu asichokiona kikifa.

Akapata bunduki ya upepo, ya springi, ile unayokunja mtutu kuikaza. Nguvu yake haikuzidi jouli 16, na risasi yake ya milimita 5.5 ina uzito wa gramu moja hivi. Kwa nguvu ndogo namna hiyo hakuna kubahatisha. Ukimpiga panya tumboni atajikokota akafie ukutani baada ya saa nyingi, na hapo huna tofauti na mwenye sumu. Pa kulenga ni kati ya jicho na sikio, mahali padogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

Kwa hiyo nilianza na karatasi, jioni baada ya jioni. Sharti la Mjomba: umbali ambao matundu yako hayaingii yote ndani ya duara la sarafu, huo si umbali wako. Wangu uliishia mita 15. Kilichonishangaza ni kwamba nikisogea mpaka mita 5, risasi zilipiga chini ya alama. Darubini imekaa sentimita kadhaa juu ya mtutu, na kwa karibu hivyo risasi haijapanda kufika pale jicho linapotazama. Na mimi nilidhani karibu ndiko rahisi!

Usiku wenyewe tuliwasha taa nyekundu, kwa kuwa panya huiona rangi hiyo kwa shida sana. Mjomba alimwaga nafaka kidogo mbele ya magunia ya mchanga, ili risasi ikipitiliza izame humo. Wa kwanza alipita mbio kandokando ya ukuta. Nikainua bunduki.

"Acha, mjomba," akaninong'oneza. Tuliitana hivyo, mimi kwake na yeye kwangu. "Wa mbio si wako."

Wa pili alikaa juu ya pipa, mnene, ametulia tuli. Nyuma yake bati tupu, na bati linaweza kurudisha risasi. Huyo nilimwacha bila kuambiwa.

Kisha akaja mmoja kwenye nafaka. Aliokota punje kwa mikono yote miwili, akawa anaigeuzageuza huku anaguguna, masharubu yanacheza. Vidole vyake vilikuwa vyembamba, vya rangi ya waridi. Siwezi kusema nilimchukia. Alipogeuka ubavu, nililaza bunduki kiganjani bila kuikaba, maana ya springi ukiikaba hurusha ovyo, nikafyatua. Alilala palepale, mkia ukatikisika kidogo, basi.

Mjomba hakunipongeza. Aliniashiria nijaze risasi nyingine na niendelee kumlenga. Akamwendea kwa upande, nje ya mstari wa mtutu, akamgusa jicho kwa ncha ya kijiti. Halikupepesa. Ndipo akaniruhusu kushusha.

Tulipomaliza na wengine waliofuata, tuliwaokota wote kwa glavu, kwani mkojo wa panya hubeba maradhi, tukawafukia kwa kina ili mnyama mwingine asile ile risasi. Bunduki ikarudi kabatini, kufuli juu.

Asubuhi Mjomba alikoroga saruji, tukaanza kuziba matundu na kupigilia wavu wa chuma chini ya mlango. Kazi hiyo ilitula muda kuliko kulenga shabaha kote kule. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo ingetangulia, na wengi wa wale panya tusingelazimika kuwaua. Nilimwambia hivyo. Akacheka, akanikabidhi mwiko.