Daluga kwenye daladala

Jioni hii natoka kazini, daladala ya Gongo la Mboto imejaa hadi mlangoni. Mbele yangu kasimama binti mmoja, begi mgongoni, daluga zinaning'inia kwa kamba zake.

Soli ya kulia imeshonwa na fundi viatu. Uzi mweupe, mishono mikubwa mikubwa.

Macho yakaganda pale.

Wengi hamjui, mimi chuoni nilicheza mpira. Namba tatu, beki wa kushoto. Uwanja tuliupata wavulana wakishamaliza mazoezi, giza nalo linaingia.

Daluga tuliazimana. Anayetoka anazivua pembeni ya uwanja, anayeingia anazivaa zikiwa bado na joto la mwenzake. Mguu wako mdogo? Unasokomeza soksi mbele, unakimbia hivyo hivyo. (Harufu tusiizungumzie.)

Halafu Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, wakafuzu fainali za Afrika za 2010, kule Afrika Kusini. Weee! Bweni halikulala. Kila mtu akajiona kesho anaitwa kambini.

Nikashindwa kuvumilia. "Mdogo wangu, unacheza namba ngapi?"

"Shikamoo dada. Tatu."

Tatu!

Nikafungua mdomo nimwage yote, konda akapiga kelele, "Banana wapo?" Binti akajibu, "Shusha!" akapotea kwenye watu. Hata jina sikumuuliza.

Abiria wa pembeni ananiangalia nacheka peke yangu.

Haya, mliocheza chuoni jitokezeni. Mlikuwa namba ngapi, na daluga mliazima kwa nani?