Mita sitini kutoka wapi?

Jana nimepanda Mlima Ngozi, ule wenye ziwa ndani ya shimo la kreta, na droni. Kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kipo, betri tatu zimejaa, na mpwa wangu amebeba begi huku akilalamika tangu tulipoiacha barabara ya Tukuyu. Ukungu ulipoachia kidogo nikairusha kutoka ukingoni, nikaipeleka katikati ya ziwa.

Skrini ikasoma kimo cha mita 60. Roho safi kabisa, maana mimi huwa sivuki mita 120, kiwango walichoweka Ulaya. Marekani ni futi 400, karibu yale yale. Dogo akachungulia kule shimoni, akauliza: "Anko, sitini kutoka wapi?"

Nikakosa jibu. Ile namba huanza kuhesabu pale droni iliporukia, yaani miguuni petu. Sheria za wenzetu hao zinapima kutoka ardhi iliyo chini ya droni pale ilipo. Sasa maji ya Ngozi yako chini ya ukingo kama mita 200 hivi. Jumlisha mwenyewe!

Mlimani mambo hugeuka. Ukirushia chini mjini Mbeya na kufuata mteremko wa mlima Loleza kwenda juu, skrini itaonyesha 130 na utaingiwa na hofu, kumbe uko mita 30 tu juu ya miti. (Hapo hatari yako ni matawi.)

Nikairudisha haraka, ukungu nao ukafunga. Picha nimepata mbili, zote za mawingu. Dogo anadai posho ya mwongoza ndege.